Presha ya Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati ya mtende, ni mimi, na anayebisha aje abishe nikiwa nimekaa. Nina miaka hamsini na miwili. Meno yangu yote yapo mdomoni, mke wangu bado anacheka nikimtania, na presha siijui. Naandika tena kwa herufi kubwa: PRESHA SIIJUI. Rika langu lote limekwisha. Huyu hali chumvi, yule akipanda ngazi mbili anashika ukuta kama anauchumbia. Mimi nasimama mbele ya boila saa nane kwa siku, moto huku, mvuke kule, na natoka nikipiga mluzi.

Daftari hili nimeliokota stoo. Meneja alitaka litupwe. Lina safu tatu zilizochapwa: Saa, Presha, Sahihi. Nimesema nitaandikia mambo yangu msimu huu wa mvua, maana shule niliiacha njiani lakini mkono haukusahau kuandika.

Hilo neno presha nalo lina mambo. Ni la Kiingereza, lilikuja kama mgeni wa siku mbili, sasa linalala vyumba vyote na funguo linazo. Boila lina presha. Tairi la baiskeli yangu lina presha, likikosa nasukuma. Maji ya bomba ghorofani hayana presha. Mama Pacha, mke wangu, anapikia maharage kwenye presha. Mama mkwe "ana presha", na hapo hakuna anayeuliza ya tairi au ya maharage. Meneja anatupa presha. Timu yetu ikifungwa, ni presha ya mechi. Mwenye lugha yake alikuwa bahili, neno moja kazi kumi.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Geji ya boila inasoma saba.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tena. Hoteli zote na hospitali mbili zinatuletea mashuka, kwa sababu hakuna anayeweza kuanika kitu nje. Kiwanda chetu cha kufulia ndicho jua la mji huu, na jua lenyewe linachochewa kuni na watu wawili: mimi asubuhi, Shemeji mchana.

Shemeji amemuoa mdogo wangu wa mwisho, wa kike. Mimi ndiye niliyemleta kazini, mimi ndiye niliyemfundisha boila. Mrefu, mpole, anatembea kama anaogopa kuiumiza sakafu. Ovaroli yake ina namba saba kifuani, yangu tatu. Siku ya kwanza nilimwambia: "Shemeji, geji ni kama mume mtu mzima. Usipoigonga haisemi ukweli." Maana mshale wa geji yetu hukwama. Unaweza kukuonyesha sita na ndani kuna tisa. Kwa hiyo sheria yetu: kabla hujasaini, gonga kioo kwa kidole, mara mbili. Mshale ukiruka, ujue ulikuwa umekwama. Asiyegonga hasaini.

Leo amechelewa kidogo, alikuwa kliniki kuchukua vidonge. Yeye presha anayo, tangu mwaka jana. Nimemtania mpaka akacheka. "Wewe Injinia," akasema, kama wote wanavyoniita hapa kazini, "Mungu alikuumba kwa chuma cha reli." Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umefanya vizuri kusema. Mimi sina cha kusema.

Ijumaa, 15 Machi

Kuni zimekuja zimelowa. Zinalia motoni badala ya kuwaka. Geji tano. Meneja kateremka ngazi mara tatu, mwavuli mkononi ndani ya nyumba.

"Injinia, roli za pasi zimepoa, mashuka yanatoka yamekunjamana!"

"Mama, hata mimi ungenilowesha hivyo nisingewaka."

Amecheka, kisha akakumbuka yeye ni Meneja.

Jumatatu, 18 Machi

Kikao. Meneja kasema wakaguzi wameandika barua: mtu yeyote anayesimama kwenye boila lazima apimwe presha. Ikizidi mia na arobaini kwa tisini, hatakiwi chumba cha boila, atapelekwa getini. Manesi watakuja keshokutwa, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Na boila jipya likifika mwezi wa tano, atateuliwa mkuu wa boila.

Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasimama, nikakunja mkono wa ovaroli, nikauonyesha msuli. Vigelegele.

Shemeji hakucheka. Alikuwa anaangalia getini, kwenye kile kibanda cha bati.

Jumatano, 20 Machi

Asubuhi nimekunywa vitamini zangu mbili badala ya moja, nikapimwa saa mbili kamili kabla sijachochea moto. Mia na thelathini na nane kwa themanini na nane. Nesi akaandika, akasema, "Uko sawa, mzee." Nikamwambia mzee ni hiyo mashine yako.

Nikatoka natangaza. Nimeingia kwenye kunyoosha, nimeingia kwenye kukunja, nimemwambia hata dereva wa gari la mashuka. Kama mtoto aliyeng'oka jino.

Saa nane Shemeji kanivuta chumba cha kubadilishia nguo. Akafunga mlango kwa mgongo.

"Shemeji, nisaidie."

"Sema."

"Hawa wakinipima, nimekwisha. Vidonge nakunywa, lakini nikiona tu ule mpira wa kufunga mkononi, moyo unaanza mbio. Kule getini mshahara ni nusu, na mdogo wako ana mimba ya miezi sita."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nesi wa mchana hatujui. Anaangalia namba ya ovaroli tu. Vaa yangu, ingia, upimwe, utoke. Dakika tano. Wewe presha huijui."

Hapo ndipo. Alinirudishia maneno yangu mwenyewe, moto moto, kama shuka linalotoka kwenye roli. Ningesema nini? Kwamba nimechoka? Nilicheka, nikamgonga bega. Nikavua tatu, nikavaa saba. Miguu ya suruali ilinizidi, nikaikunja.

Nesi wa mchana ni msichana mpole. Kafunga, kapuliza. Akafungua, akafunga tena, akapuliza tena.

"Namba saba, unajisikiaje?"

"Kama simba."

"Kaa chini kidogo."

Mia na tisini kwa mia na kumi.

Alhamisi, 21 Machi

Mashine yao mbovu. Nimemwambia Shemeji hivyo: mashine mbovu, mchana ilikuwa imechoka kupima watu.  Barua kapewa saa nne. Kuanzia leo yuko getini, na zamu yake ya boila nitaibeba mimi mpaka apatikane mtu.

Mkono wangu mwenyewe umenisaliti. Mkono huu! Nilioulisha, nilioupaka mafuta. Unamvua kaka wa watu nguo mbele za watu.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Geji saba. Zamu mbili. Shemeji getini na koti la mvua. Nikampungia. Akafungua geti kwa ajili ya gari lililokuwa nyuma yangu.

Jumatano, 27 Machi

Nimepita nyumbani kwa mdogo wangu na matunda. Kanifungulia, kapokea, kasema "asante kaka" kwa sauti ya mtu anayepokea risiti. Sikukaribishwa kukaa. Mimi! Niliyempeleka huyu mtoto shuleni mgongoni mwaka wa mafuriko.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Hakuna, kaka. Nina presha tu."

"Ya mimba?"

"Ya maisha."

Nikaondoka. Neno hilo sasa limefika mpaka mlangoni kwa ndugu zangu.

Jumamosi, 30 Machi

Hivi, mtu ukimfanyia wema anakulipa nini? Naandika kwa hasira na sitaki kujizuia.

Leo nimemwona Shemeji akitoka ofisini kwa Meneja. Mlango ulikuwa umefungwa. Dakika ishirini, nimehesabu. Kwa kioo cha ofisi nilimwona anaongea, yeye asiyeongea, na mikono inakwenda. Meneja kachukua kalamu, kaandika kitu. Kisha Meneja kasimama dirishani akaangalia chini, kwenye chumba cha boila, alikosimama nani? Mimi.

Kwa hiyo amesema. Amekwenda kunichoma. Mtu niliyemleta hapa akiwa hajui valvu na bomba! Niliyemfundisha kusikiliza maji ndani ya chuma! Niliyemkabidhi mdogo wangu mbele ya wazee nikasema huyu ni ndugu yangu sasa, asiitwe mkwe! Niliyevaa nguo yake na kuingia mahali ambapo ningeweza kufukuzwa, kwa ajili yake, kwa kuwa aliniomba! Sikuomba hata ahsante. Na yeye anapanda ngazi kwenda kusema.

Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo lakini walijua.

Jumatano, 3 Aprili

Sijaitwa ofisini. Meneja ananiweka kama nyama kwenye friji.

Kichwa kinaniuma kisogoni. Mvuke.

Jumatatu, 8 Aprili

Mama Pacha kaniuliza kwa nini siku hizi nalala nimekaa. Nikamwambia wanajeshi hulala hivyo. Kasema, "Wewe na jeshi lako," akageukia ukutani. Zamani angecheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeitwa ofisini. Nimeoga mara mbili kabla ya kwenda, sijui kwa nini.

Meneja kasema, "Kaa, Injinia." Nikakaa. Kasema boila jipya litafika wiki ya kwanza ya mwezi wa tano na jina langu ndilo limepita. Mkuu wa boila. Atachapa kibao cha mlangoni.

Nikasema ahsante mama. Nikauliza, kama utani, huyu shemeji yangu alikuja kusema nini siku ile.

"Aliomba apimwe tena. Alikwenda kliniki yake wakampima, mia na thelathini kwa themanini na nne, na cheti alileta. Nikamwambia wakaguzi wanaangalia kipimo cha hapa, mpaka miezi sita ipite. Nikamuuliza, sasa kipimo cha hapa kilipandaje hivyo? Akasema hajui."

"Akasema hajui?"

"Alisema labda siku ile hakuwa yeye."

Meneja alicheka. Mimi pia nilicheka. Ngazi nimeshuka nimeshika ukuta.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua haina breki. Nilikuwa nimejiandaa kusalitiwa, maneno yote nilikuwa nayo, nikaona sina wa kumpa.

Nimemfuata Shemeji kibandani. Maji yanapiga bati, inabidi upige kelele ili uombe msamaha, na mimi sikuwa nimejua naomba nini.

"Hukunitaja," nikasema.

"Nikikutaja tunafukuzwa wote wawili. Nani atamlisha mdogo wako?"

"Mashine ilikuwa mbovu, Shemeji."

Kanitazama. Hana hasira huyu mtu, na hilo ndilo baya.

"Kliniki wamenipima mara tatu," akasema. "Mkono wangu upo sawa. Ule haukuwa mkono wangu. Ulinifundisha nigonge geji kabla ya kusaini. Nimegonga geji miaka sita. Wewe sikukugonga."

Gari likaja. Akatoka mvuani kufungua.

Jumatatu, 22 Aprili

Geji sita. Kuni mbichi.

Jumatano, 24 Aprili

Mdogo wangu kaja nyumbani, tumbo mbele, mwavuli wa mtu mwingine. Hakukaa. Mama Pacha yuko jikoni, presha ya maharage inapiga filimbi.

"Kaka, niambie jambo moja tu. Ulijua?"

"Nijue nini?"

"Siku unavaa nguo ya mume wangu. Ulijua?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka, ndio mdomo unavyofanya ukikosa kazi. Nikasema, "Mimi? Chuma cha reli?"

Alitikisa kichwa. "Baba alikufa akisema yeye ni mzima. Nilidhani wewe utakuwa mjanja kuliko baba." Akaondoka. Mama Pacha alizima jiko, filimbi ikakatika, nikasikia hatua za mdogo wangu mpaka kwenye lami.

Jumatatu, 29 Aprili

Leo nitaandika yote.

Wiki nzima tumepewa kuni za maji. Jana mwenye kuni kaleta mzigo mkavu, uliokaa chini ya paa, mwepesi kama mifupa ya ndege. Asubuhi Meneja kasema hospitali zote mbili wanasubiri, choma. Mimi kwa mazoea ya kuni mbichi nikajaza tanuri mpaka mdomoni. Moto ukaruka. Nikaangalia geji: sita. Nikaongeza. Nikaangalia: sita. Nikasaini.

Sikugonga.

Nilisema nitagonga baadaye. Ukweli ni kwamba mshale sikuwa nauona sawasawa. Ilikuwa miwili. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikafumba macho kidogo tu, kisogo kinapiga kama ngoma ya mtu mlevi. Nikasikia mluzi. Nikadhani ni mimi napiga mluzi.

Ilikuwa valvu ya usalama. Ile ndiyo inayofunguka mvuke ukizidi, na ikilia hivyo kila mtu kiwandani anajua maana yake. Wakunja mashuka walishakimbilia uani, mvuani, na mashuka mikononi. Nilitaka kusimama, miguu ikakataa. Chuma mbele yangu kinanguruma, na mimi mwenye boila nimekaa kama mgeni aliyeambiwa asubiri chai.

Aliingia Shemeji, na lile koti lake la mvua linamwaga maji. Alisikia mluzi toka getini, mbio zote hizo. Wenzake wanatoka, yeye anaingia. Kafunga mlango wa hewa wa tanuri kwa mguu, kashika reki ndefu, katoa makaa yote sakafuni, mvuke na moshi na maji ya koti lake. Kisha akaenda kwenye geji. Akaigonga. Mara mbili. Mshale ukaruka kutoka sita mpaka kumi na moja kama nzi aliyestuliwa.

Aligeuka akaniangalia. Kwanza geji, kisha mimi.

Meneja kafika mlangoni, mwavuli umegeuka ndani nje. "Nini? Nini kimetokea?"

Ningekuwa mimi, baada ya siku arobaini kwenye kibanda kile, ningesema. Ningesema kwa wimbo.

"Geji ilikwama, mama," Shemeji akasema. "Na Injinia kateleza. Sakafu ina maji."

Akanishika kwapani akanisimamisha. Sikioni kwangu, polepole: "Wiki ijayo sitakuwa karibu, Shemeji. Napelekwa geti la nyuma."

Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo yenyewe nilikuwa nimeivaa mimi.

Alhamisi, 2 Mei

Sijala. Mama Pacha kafungua kisanduku changu cha vifaa, ninamoweka zile vitamini, akitafuta bisibisi.  Kakirudisha mahali pake, kakifunga vizuri kuliko nilivyokifunga.

Jumatatu, 6 Mei

Boila jipya limefika, limefungwa nailoni kama bibi harusi. Kibao changu kimechapwa. Kabla hakijapigwa msumari nimemwambia Meneja aite nesi, yule wa mchana, na anipime mbele yake, nikiwa na ovaroli yangu namba tatu.

Yule msichana kaninong'oneza, "Namba saba?" Kanikumbuka. Mia na themanini na nane kwa mia na nane. Nikamwambia Meneja: Machi nesi huyu alinipima mimi, kwa jina la Shemeji.

 Meneja kafoka, na ana haki. Sote wawili tumepata barua ya onyo, mimi nyekundu. Kasema ananiachia kazi kwa sababu tu ya miaka yangu. Shemeji kapimwa hapo hapo, mia na ishirini na nane kwa themanini na mbili, anarudi kwenye boila kesho. Mimi geti.

Nesi kauliza imeanza lini. Nikasema, "Labda mvua hizi." Hata hapo. Mkono umefungwa mpira, namba ziko mezani, na bado mdomo unajitafutia kiti cha mbele.

Jioni nilikuwa kibandani najaribu koti la mvua. Ni refu, linanizidi. Shemeji kapita anakwenda nyumbani. Nikasema, "Basi, tumemaliza." Akasimama. Akanigonga kifuani kwa kidole, kwenye ile namba tatu, mara mbili.

"Mashine imesema," akasema. "Wewe bado."

Nikasema mvua imezidi mwaka huu. Akaenda zake.

Mvua imekatika sasa. Bati linadondosha tone moja moja. Ukurasa huu nitauchana nimpelekee yeye na mdogo wangu, kwa mkono wangu, na wasome mbele yangu.

Shemeji, nilichoandika ukurasa wa kwanza ni uongo. Presha ninayo. Huu mwaka wa tatu. Zile vitamini si vitamini. Siku nilipovaa ovaroli yako, nilijua.